Choo cha mboji kwenye nyumba ndogo: kazi ya ndani na kazi ya nje

Jina ndilo linaloleta mkanganyiko. Mtu akisikia "choo cha mboji" hudhani haja inadondoka kwenye chombo chini ya kiti, na baada ya wiki kadhaa anachota mboji nyeusi yenye harufu ya udongo. Kwa choo kidogo kinachotosha kwenye nyumba ya mita za mraba 20 au 30, hilo halitokei. Chombo cha lita 20 ni kidogo mno: hakishiki joto, na hujaa kabla ya chochote kuoza mpaka mwisho. Mle ndani kazi ni kupokea, kukausha na kuhifadhi. Mboji hutengenezwa baadaye, mahali pengine, kwa miezi mingi.

Ukitazama asili yake, utaona kwamba hizi ni jamii mbili za vyoo zinazoitwa kwa jina moja. Mwaka 1860 kasisi wa Uingereza, Henry Moule, alipata hataza ya choo cha udongo mkavu: ndoo, kiti, na sanduku la udongo uliopepetwa unaomwagwa juu ya haja kila mara. Kilikuwa choo cha kupokea na kufunika, na vyoo vingi vidogo vya leo ni wajukuu wake. Mwaka 1939 Rikard Lindström wa Sweden alibuni tangi kubwa lenye sakafu ya mteremko, linalokaa chini ya nyumba, ambamo taka za choo na za jikoni huteremka polepole huku zikioza. Hilo kweli ni choo cha kutengeneza mboji, lakini linahitaji nafasi chini ya sakafu ambayo nyumba ndogo nyingi hazina.

Kwa hiyo mwenye nyumba ndogo ana kazi mbili zenye masharti yanayopingana. Ndani anataka ukavu, kwa sababu ukavu huzuia harufu na nzi. Nje anataka unyevu wa asilimia 50 hadi 60, kwa sababu bakteria wa kuozesha hawafanyi kazi pakavu. Sehemu kubwa ya matatizo ya vyoo hivi hutokana na kutumia sharti la upande mmoja kwenye upande mwingine.

Harufu inatoka wapi

Mtu mzima hutoa mkojo wa lita 1 hadi 1.5 kwa siku, na kinyesi cha gramu 100 hadi 250, kutegemea anachokula. Yaani mzigo mkubwa ni maji. Mkojo pia ndio wenye nitrojeni nyingi, zaidi ya robo tatu ya ile inayotoka mwilini. Ukikaa peke yake kwenye chombo safi kilichofungwa, hausumbui sana. Ukikutana na kinyesi, bakteria huivunja urea ya kwenye mkojo ikawa amonia, na wakati huohuo maji yake huziba nafasi za hewa ndani ya kinyesi. Hewa ikikosekana, bakteria wa aina nyingine huchukua nafasi na kutoa hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai bovu.

Kuna njia mbili tu za kukabiliana na hilo. Ya kwanza ni kuutenga mkojo usikutane na kinyesi. Ya pili ni kuacha vichanganyike, kisha kuvifunika kwa kitu kikavu kingi kiasi cha kunyonya maji yote.

Njia ya kufunika ndiyo rahisi kuijenga. Unahitaji ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, sanduku la mbao lenye kiti juu yake, na ndoo ya pili ya kitu cha kufunikia. Vumbi laini la mbao linafaa kuliko maranda makubwa, maana maranda huacha mianya ambayo harufu hupenya. Tandika sentimita 5 hadi 8 chini ya ndoo kabla ya kuanza, kisha funika baada ya kila matumizi, hata ya haja ndogo, mpaka usione wala kunusa kitu. Usitumie vumbi la mbao zilizotiwa dawa au za plaiwudi. Mtu mzima mmoja hujaza ndoo ya lita 20 kwa wiki moja hivi, na zaidi ya nusu ya ujazo huo ni kifunikio.

Watu hubania vumbi la mbao wakidhani wanaokoa nafasi. Hesabu ya kaboni na nitrojeni inaonyesha kwa nini hilo ni kosa. Lundo linalooza vizuri lina kaboni sehemu 25 hadi 35 kwa nitrojeni sehemu 1. Kinyesi kina 5 hadi 10 kwa 1, na mkojo haufiki hata 1 kwa 1. Vumbi la mbao lina 200 hadi 500 kwa 1. Ukipunguza vumbi, nitrojeni inazidi, na ile inayozidi hutoka kama amonia puani mwako.

Njia ya kutenga hutumia bakuli lenye sehemu mbili: mbele kuna beseni dogo linalopokea mkojo na kuupeleka kwenye dumu, nyuma kuna tundu la kinyesi. Kwa watu wawili, chombo cha lita 20 cha kinyesi huchukua takriban wiki tatu, na dumu la lita 10 la mkojo hujaa kwa siku nne. Hapa lazima kila mtu akae, wanaume pia, na akae nyuma vya kutosha. Watoto wadogo ndio huvuruga mpango, kwa sababu miili yao haifiki pale kitenganishi kilipo na mkojo unaishia nyuma. Wawekee kiti cha ziada chenye tundu dogo kilichosogezwa mbele, au wape poti yao.

Mwenye eneo la kuweka lundo la nje ni bora atumie ndoo ya kufunika. Ni nafuu, haina cha kuharibika, na lundo lake huoza vizuri kwa kuwa lina mkojo ndani. Asiye na eneo, au asiyeweza kupata vumbi la mbao la kutosha kila wiki, atenge mkojo.

Wanaojisafisha kwa maji

Maelezo mengi ya vyoo hivi huliruka jambo hili, ilhali ndilo huamua kama choo kitafaulu au la. Kunawa mara moja huchukua nusu lita hadi lita 2. Watu wawili wakitumia lita 1 kila mmoja kwa siku, kwa wiki moja umemwaga lita 14 kwenye chombo cha lita 20. Hakuna kifunikio kitakachozinyonya.

Maji hayo yanahitaji njia yake ya tatu. Ama bakuli lina tundu la tatu la kunawia, ama mtu anasogea kando kidogo hadi kwenye karo dogo lililowekwa chini karibu na choo. Yasiunganishwe na dumu la mkojo, kwa kuwa yana kinyesi ndani yake na yatachafua mkojo ambao ungekuwa salama kiasi. Yapelekwe kwa bomba hadi kwenye shimo fupi lililojazwa kokoto na kufunikwa udongo, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, pasipo kutuama juu ya ardhi. Pasipowezekana hivyo, afadhali kutumia karatasi ndani ya choo na kumalizia kwa maji bafuni. Karatasi huoza bila shida. Pedi, nepi na vitambaa vya kufutia vyenye nyuzi za plastiki haviozi, visiingie.

Bomba la mkojo

Sehemu ndogo kuliko zote ndiyo huleta usumbufu wa kwanza, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa. Urea ikivunjika, mkojo huwa wa kialkali, na chumvi za fosfeti zilizoyeyuka humo hujitenga na kushika kwenye kuta za bomba. Ukilifungua bomba lililoziba utakuta ukoko wa rangi ya kijivu na manjano, mgumu kama ule wa birika, na katikati tundu jembamba lisilopitisha hata penseli. Chini yake, pale bomba lilipolegea na kufanya tumbo, pana matope mazito yenye nywele.

Tumbo hilo ndilo chanzo. Mkojo ukituama, ukoko hujengeka. Tumia bomba la plastiki lenye ukuta laini ndani, si lile la mikunjo, lenye kipenyo cha milimita 25 kama safari ni fupi ya chini ya mita moja, au 50 hadi 75 kama linakwenda mbali. Lishuke moja kwa moja bila kulegea, na badala ya kona kali weka mpindo mpana. Usitumie chuma wala shaba, maana mkojo huvila. Ncha ya bomba ifike karibu na kitako cha dumu ili izame kwenye mkojo. Hapo hewa yenye amonia haina njia ya kurudi juu.

Mara moja kwa wiki mimina nusu lita ya siki, au maji ya vuguvugu yaliyoyeyushwa vijiko viwili vya asidi ya sitriki, na uache usiku kucha. Usiwahi kutumia klorini. Ikikutana na mkojo uliokaa hutoa gesi za kloramini, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini yenyewe. Bafu la nyumba ndogo halina hewa ya kutosha kuvumilia lolote kati ya hayo.

Hewa na feni

Choo kinachotenga mkojo huhitaji bomba la hewa. Hewa inatakiwa ishuke kupitia tundu la kiti, ipite juu ya kinyesi ikiondoka na unyevu, kisha itoke nje. Bomba lisilo na feni liwe na kipenyo cha milimita 100 au 110, linyooke, na lipite paa kwa sentimita 50 au zaidi. Lenye feni linaweza kuwa la milimita 50 hadi 75. Feni ya kompyuta ya volti 12 inatosha. Ya wati 2 ikizunguka usiku na mchana hula wati-saa 48 kwa siku, yaani takriban ampea-saa 4 kwenye betri ya volti 12. Isizimwe kwa kuokoa umeme. Kinyesi kinachokauka saa 12 tu kwa siku hakikauki.

Kupima ni rahisi. Washa kiberiti, kizime, ushike kijiti kinachofuka juu ya tundu la kiti. Moshi ukishuka, mambo yako sawa. Ukipanda, hewa inarudi ndani. Kwenye nyumba ndogo iliyozibwa vizuri mkosaji mara nyingi ni feni ya kutoa moshi jikoni au jiko la kuni: likivuta hewa na madirisha yamefungwa, hewa ya kufidia huingia kupitia bomba la choo. Mtu anahangaika na choo siku nzima kumbe angefungua dirisha la jikoni sentimita mbili.

Weka wavu wenye matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5 kwenye ncha ya juu ya bomba. Wavu wa nailoni huchanika kwa jua, wa chuma kisichoshika kutu hudumu. Usafishe kila baada ya miezi michache, kwani utando wa buibui na vumbi hupunguza mvuto wa hewa bila wewe kugundua.

Siku ya kumwaga

Hili ndilo watu wanaloliogopa, na likifanywa sawasawa huchukua dakika kumi. Ndoo ya choo kinachotenga mkojo, ikitunzwa vizuri, ukiifunua siku ya ishirini, huonyesha uso wa vumbi la mbao, na ukiiinamisha vipande hutoka vikiwa vimejitenga, vikavu nje, vikinuka kidogo kama zizi. Ikitoka kama uji, rudi nyuma utafute maji yanaingilia wapi kabla ya kulaumu kifunikio.

Vaa glavu. Kisanduku cha mboji kiwe na urefu, upana na kina cha mita moja kila upande, kikae juu ya udongo mtupu, kiwe na paa dhidi ya mvua na wavu wa milimita 12 pande zote dhidi ya panya. Kwa mara ya kwanza tandika nyasi kavu sentimita 30 hadi 45 chini, zinyonye majimaji yatakayoshuka. Fungua shimo katikati ya lundo kwa uma wa shamba, mwaga humo, suuza ndoo kwa lita 2 za maji na brashi isiyofanya kazi nyingine, mimina na yale maji, rudisha ulichochimbua, kisha funika kwa nyasi kavu sentimita 10 hadi 15. Nawa mikono kwa sabuni. Lundo lisipinduliwe: ukiliacha, kilicho ndani kinabaki ndani.

Watu wawili wanaotenga mkojo hutoa takriban lita 350 za kinyesi na kifunikio kwa mwaka, na zikioza hushuka zaidi ya nusu. Kisanduku chako cha lita 1,000 hakitajaa, na lundo dogo namna hiyo halipati moto. Isitoshe limekauka na limenyang'anywa nitrojeni. Ndiyo maana watu hufunua baada ya mwaka wakakuta vumbi la mbao limekaa vilevile. Kinachotakiwa ni kurudisha mkojo: mimina lita kadhaa kwenye lundo kila wiki, ongeza mabaki ya jikoni na majani mabichi, na upime unyevu kwa kukamua kiganja kimoja ukiwa na glavu. Kishikamane na kutoa tone moja au mawili. Kisipotoa kitu na kikamomonyoka, maji zaidi.

Majivu nayo yafahamike. Kwenye choo kisichokusudiwa kutengeneza mboji ni kifunikio kizuri, kwa sababu hupandisha alkali na kuua vimelea. Kwenye ndoo itakayokwenda kwenye lundo huua pia bakteria unaowahitaji. Ukiamua kutumia majivu, basi unategemea muda na ukavu. Na yawe yamepoa siku kadhaa. Kaa moja lililojificha linaweza kuwasha vumbi la mbao usiku.

Lini ni salama

Harufu kwisha si dalili ya usalama. Vimelea vinavyodumu kuliko vyote ni mayai ya askaris, minyoo wakubwa wa tumboni, yanayoweza kuishi kwenye udongo kwa miaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 hutoa vipimo vinavyotumika kila mahali. Kinyesi kikavu kikihifadhiwa kwenye joto la nyuzi 2 hadi 20, kikae mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kwenye nyuzi 20 hadi 35, zaidi ya mwaka mmoja. Kwa lundo linalopata moto, zaidi ya nyuzi 50 kwa wiki moja au zaidi. Muda huhesabiwa tangu siku ya kumwaga ndoo ya mwisho, kwa hiyo unahitaji visanduku viwili: kimoja kinajazwa mwaka huu, kingine kinapumzika.

Kipimajoto chenye mkono wa sentimita 50 kitakuambia kilichopo katikati, lakini kingo za lundo hubaki baridi. Hata ukisoma nyuzi 60, lipe lundo mwaka wake. Mboji iliyokomaa iende kwenye miti, maua na vichaka. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, iache.

Mtu akiharisha, tumia ndoo ya pembeni, funika kwa chokaa au majivu, iandike tarehe, na uihifadhi peke yake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Haja ya anayekunywa antibayotiki nayo itengwe, maana dawa huwadhoofisha bakteria wa lundo.

Mkojo ni rahisi zaidi. Mwongozo huohuo unaruhusu familia kuutumia kwenye shamba lake bila kuuhifadhi, mradi mwezi mmoja upite kati ya kumwagilia na kuvuna. Changanya sehemu moja ya mkojo na tatu hadi kumi za maji, mwaga kwenye mfereji mdogo kando ya mmea, fukia hapohapo ili nitrojeni isiruke hewani. Usiumwage kwenye majani. Mkojo wa mtu mmoja kwa mwaka hutosha mita za mraba 300 hadi 400 za mazao, na kwenye kibustani cha mita 10 utaujaza udongo chumvi.

Asiye na bustani kabisa apange mwisho kabla ya kununua choo. Chombo cha lita 60 hadi 100 chenye mfuniko na matundu ya hewa yaliyozibwa kwa wavu kinaweza kukaa nje kikiivisha, lakini mwisho wake lazima kiwe na ardhi ya kwenda. Kanuni za mahali hutofautiana sana: kwingine kinyesi kwenye taka za nyumbani kimekatazwa, kwingine kinaruhusiwa kikiwa kikavu na kwenye mfuko maalumu. Uliza ofisi ya afya ya eneo lako, na upate jibu kwa maandishi.

Vinzi vidogo

Vile vinzi vyeusi vinavyoelea juu ya choo hutaga kwenye kitu chochote kinachooza chenye unyevu, na mara nyingi mayai yake huja ndani ya kifunikio au maganda ya matunda. Usitie mabaki ya chakula kwenye choo cha ndani. Kifunikio chenye mashaka kianike juani au kigandishe siku mbili. Vikishaingia, mwaga chombo chote, osha kwa maji ya moto na sabuni, kikauke kabisa, anza upya na kifunikio kikavu mno kwa wiki mbili. Dawa ya kupulizia huua vinavyoruka na kuacha mayai, na wiki ijayo unaanza tena.

Ukisafiri kwa zaidi ya siku tatu, mwaga dumu la mkojo, pitisha siki kwenye bomba, na uache limekauka. Kinyesi kifunike mara mbili ya kawaida, funga kiti, acha feni ikizunguka. Utakaporudi, chombo kitakuwa kimekauka kuliko ulivyokiacha.